Swali Alilolifundisha Madame Maisara

Madame Maisara hakuwa mwalimu wa kompyuta, na shule yake pale Kadutu, mjini Bukavu, haikuwa na kompyuta hata moja. Ilikuwa na madarasa sita ya mbao, mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha, na watoto hamsini na wanane katika darasa lake la nne peke yake. Hata hivyo ndiye aliyejitwika kazi ya kuwafundisha watoto hao namna ya kutumia intaneti bila kuumia, na aliwafundisha kwa ukali uleule wa somo la kugawanya.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mfupi, kitambaa cha kichwa amekifunga barabara, na sauti yake ilisikika mpaka darasa la sita. Baba yake, Hadji Tambwe, aliuza vitambaa sokoni maisha yake yote. Ukoo wao ulitoka Uvira, na kabla ya Uvira, kwa maneno ya Hadji mwenyewe, ulitoka pwani ya mashariki, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Hadji alitaka binti yake akae dukani. Binti akasema vitambaa havina la kujibu ukiviuliza, akaenda kusomea ualimu, na kwa miaka ishirini sasa alikuwa anauliza na kujibiwa.

Mwaka ule mji ulipoingiliwa na wapiganaji, shule zilifungwa kwa majuma mengi. Watoto walikaa ndani na simu za wazazi wao. Shule zilipofunguliwa, Maisara aliwaona wamerudi na macho mengine. Bintu, msichana wa miaka tisa aliyekuwa anakaa benchi ya mbele, alimjia wakati wa mapumziko akamwuliza kwa adabu kama anamjua mtu fulani. Akamwonyesha picha kwenye simu ya mama yake. Ilikuwa maiti ya kijana, amelala kwenye mtaro, midomo wazi. Bintu alisema picha ile imepita kwenye simu za watu wengi na yeye anataka tu kujua jina la marehemu ili amwombee. Maisara alimpokonya simu, akaifuta picha ile.

Juma lililofuata alianza somo lake.

Shirika moja lilikuwa limeleta bango la kufundishia. Juu yake alichorwa baba mwenye miwani, ameketi kwenye kochi karibu na mtoto, kompyuta mbele yao, na maandishi ya Kifaransa yakimshauri mtoto amwulize mzazi kabla ya kubonyeza chochote. Maisara aliligeuza bango lile, akachora jedwali la kuzidisha upande wa nyuma. Kochi gani? Mzazi gani? Huku kwetu mama anatoka saa kumi na moja asubuhi na beseni kichwani, na akirudi, yeye ndiye anayemwuliza mtoto. Mtoto ndiye anayesoma ujumbe, ndiye anayejibu, ndiye anayejua mega za intaneti zimebaki ngapi. Nusu ya mama wa darasa lile hawakujua kusoma, na watoto wao wa miaka kumi walikuwa makatibu wa ukoo mzima. Ukimwambia katibu akamwulize bosi wake asiyejua kusoma, umefundisha nini?

Basi alifundisha kwa alichokuwa nacho. Kila mtoto alikuwa na kibao chake cha kuandikia kwa chaki. Maisara alisema kuanzia leo hivi ni simu. Aliandika ujumbe kwenye kibao kimoja, kikapitishwa benchi hadi benchi mpaka kwa mtoto aliyeandikiwa, naye akajibu kwenye chake. Alijifanya mwizi, alijifanya mgeni, alijifanya tantine, yaani shangazi, mwenye zawadi. Watoto walicheka mpaka mkuu wa shule akachungulia. Aliyetaja nyumba yao ilipo alifutiwa kibao mbele ya wote. Aliyetuma picha isiyo yake alisimama pembeni. Wakajifunza upesi, maana watoto wa Kadutu si wazito.

Lililobaki gumu lilikuwa jambo moja. Mtoto wa huku hamnyamazii mkubwa aliyemsalimu. Akinyamaza, ni aibu ya mama yake, na mama atalisikia sokoni kabla ya jua kuzama. Sasa mtu akiandika, "Jambo mwanangu, ni tonton yako," yaani mjomba au baba mdogo, mtoto afanye nini? Maisara aliliwaza jambo hili siku kadhaa, akapata jibu kwa bibi yake mwenyewe, Bibi Amisa wa Sange.

Nyumba ya Bibi Amisa ilikuwa kando ya barabara ya Uvira. Mwaka wa tisini na sita, wakati wa vita, Maisara akiwa msichana wa miaka kumi na minne anayejificha kwake, kila mtu alipita mlangoni akisema yeye ni ndugu. Bibi hakumfungulia mtu kabla hajamwuliza: babu yetu jina lake nani, na amezikwa wapi? Siku moja mchana walikuja wanaume wawili, wakasema wametumwa na Hadji. Walipoulizwa waligugumiza maneno, mlango ukabaki umefungwa. Wakaenda nyumba ya pili, ambako mzee wa watu alifungua kwa ukarimu wake. Maisara alisikia yote kupitia ukutani. Tangu siku ile aliamini swali la bibi yake kuliko kufuli.

Akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na watoto hamsini na wanane wakalikariri. Mtu akikuandikia kwamba ni ndugu, mwulize jina la babu na mahali alipozikwa. Akijibu sawa, mwitikie kwa heshima. Akishindwa, usijibu tena. Maisara alifurahi nalo. Nasema wazi, alijivuna nalo, na wenzake walipoomba alikwenda kulifundisha hata darasa la tatu.

Aliyelikariri vizuri kuliko wote ni Joviale.

Joviale alikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwandiko wake safi kama wa barua ya serikali. Mama yake, Rosalie, aliuza samaki wakavu sokoni na hakujua herufi hata moja. Baba yake, Philémon, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku mji ulipoingiliwa alibeba majeruhi asubuhi hadi jioni, bila kuwauliza ni wa upande gani, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Baadaye wakaanza kupita watu wakiwauliza madereva kwa majina nani alimbeba nani. Dereva mmoja akaitwa kwenda kujieleza, hakurudi. Philémon akaacha kulala kwake, akaenda kujificha kwa dada yake Noëlla kule Bagira, na Joviale akaambiwa akiulizwa aseme papa yuko safarini.

Katika hali hiyo akafariki babu mzaa baba, muzee Bisimwa wa Lwiro, aliyefanya kazi ya usafi kwenye kituo cha utafiti miaka thelathini. Msiba una taratibu zake, hata wakati mbaya. Ukoo ulifungua kundi la WhatsApp la matanga, picha ya muzee ikawekwa mbele, na tangazo la kifo likaandikwa kama yanavyoandikwa yote: marehemu ni fulani, ameacha watoto hawa, Philémon wa Bukavu, Edouard wa Kolwezi, Noëlla wa Bagira, na wajukuu hawa, akiwemo Joviale, na atazikwa Lwiro siku ya Jumamosi karibu na kanisa. Namba za simu za kutolea pole zikawekwa chini. Tangazo likatumwa huku na huku, kila aliyelipata akalituma kwingine, maana kwetu marehemu asiyetangazwa ni kama mbwa aliyekufa njiani. Likafika kwenye simu mamia. Nani alihesabu?

Rosalie aliiacha simu nyumbani kila siku, kwa sababu sokoni zilikuwa zinapokonywa. Akamwambia Joviale ajibu pole zote kwa niaba ya nyumba, asimwache hata mmoja, watu wasije wakasema mke wa Philémon ana kiburi. Mtoto akajibu. Pole arobaini, hamsini kwa siku, kila mmoja kwa jina lake.

Siku ya tano baada ya mazishi, siku ya mvua, saa nane mchana, wanaume wanne walifika kwa Noëlla wakiwa na gari. Walisalimu vizuri. Walimwita Philémon kwa jina, wakampa pole ya baba yake, wakamshika mikono, wakaondoka naye.

Maisara aliisikia habari hiyo shuleni kama walivyoisikia wengine. Joviale hakukosa darasa. Alikaa kwenye benchi yake, kibao mapajani, hakuandika. Akiitwa alisimama, akiulizwa aliangalia chini. Siku ya nne, masomo yalipokwisha na watoto wametoka, Rosalie aliingia darasani, harufu ya samaki wakavu ikiingia naye, akakaa kwenye benchi ya watoto, magoti juu.

"Madame, unisamehe," alisema. "Joviale njo alikuwa ananisomea telefone kila siku. Sasa anakatala hata kuigusa. Hakule, hasemi. Nilisema pengine kuko ujumbe ya bwana yangu ndani. Majirani nabaogopa. Unisomee weye."

"Nikusomee yote, maman Joviale?"

"Yote. Usiruke kitu."

Maisara aliichukua ile simu. Alipita pole nyingi, halafu akafika kwenye namba isiyo na jina. Alisoma kimya mpaka mwisho. Rosalie alikuwa anaangalia midomo yake.

Nani angemlaumu kama angesema hamna kitu? Ni kidole kimoja tu, ujumbe unafutika, mama hajui kusoma, mtoto anabaki salama na siri yake. Alilifikiria, nalo lilimvuta sana. Lakini siri ile haikuwa inamlinda Joviale. Ilikuwa inamla, siku ya nne sasa, bila chakula wala neno. Na namba ile ndiyo alama pekee iliyobaki ya watu waliomchukua baba yake. Akasoma kwa sauti.

"Jambo Joviale. Ni miye tonton yako Edouard wa Kolwezi. Hii ni numéro yangu ya mupya. Pole sana juu ya muzee."

"Jambo tonton. Pardon, mbele nikujibu, babu yetu jina yake nani na balimuzika wapi?"

"Mutoto wa akili. Jina yake Bisimwa, papa yangu. Balimuzika Lwiro siku ya samedi, karibu na kanisa. Nani alikufundisha kuuliza vile?"

"Madame yetu Maisara."

"Umuambie aksanti."

Maisara akaendelea kusoma, kwamba tonton hakumwona Philémon kwenye picha za maziko, kwamba mtoto wa kwanza hawezi kukosa kumzika baba yake bila sababu, kwamba anataka kumpa kaka yake pole yeye mwenyewe kwa mdomo, iko wapi? Na jibu la Joviale, kwa maandishi safi, bila kosa hata moja: "Iko Bagira kwa tantine Noëlla. Nyumba ya bleu karibu na robinet ya maji. Haitokake inje."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Rosalie hakulia. Aliangalia ubao, ambako hakuna alichoweza kusoma.

"Aliuliza mbele ya kujibu?" alisema mwishowe.

"Aliuliza."

"Aliuliza muzuri?"

"Sawa vile nilimufundisha. Kosa si yake, maman Joviale. Kosa ni yangu. Ile kiulizo ni miye nilibapatia. Sikufikiri kama majibu yote iko mu tangazo ya kifo."

Maisara alingoja atukanwe, na ingekuwa nafuu. Badala yake yule mama alimgusa mkono ulioshika simu.

"Umuandikie," alisema. "Umuandikie sawa ni Joviale. Umuulize bwana yangu iko wapi."

Maisara hakuwa na nguvu ya kukataa. Yule aliyekuwa anafuta vibao vya watoto mbele ya darasa kwa kumjibu mgeni, aliketi kwenye benchi akaandika kwa maneno ya mtoto: "Jambo tonton. Papa iko wapi? Maman analia." Alama mbili zikageuka buluu. Amesoma. Hakujibu.

Kesho yake aliwaambia watoto wafute lile swali kwenye vibao vyao na vichwani mwao. Aliwaambia ni baya, na aliyekosea ni yeye. Watoto hawakuwa wamezoea mwalimu kusema hivyo. Bintu akainua mkono.

"Sasa tutauliza nini, Madame?"

"Musiulize. Musijibu."

"Hata tantine?"

"Hata tantine. Mupaka usikie sauti yake na mukubwa mwengine aseme ni yeye."

"Na wakisema hatuna heshima?"

Maisara akasema wamtume kwake huyo atakayesema hivyo. Lilikuwa jibu dogo, na watoto walilijua.

Wakati wa mapumziko alimwita Joviale nyuma ya darasa, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Akamwambia kwamba alifanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ndiye aliyekosa. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisema neno lake la kwanza baada ya siku tano.

"Papa anajua kama ni miye?"

"Hajui," alisema Maisara, ingawa hakuwa na njia yoyote ya kujua. Siku ile Joviale alikula nusu ya andazi.

Ikawa desturi. Kila siku saa saba, watoto wakishatoka, Rosalie alishuka kutoka sokoni, akapitia simu nyumbani, akaketi kwenye benchi ileile, na Joviale akafagia nje akiwangoja. Maisara aliandika. Tonton, papa anakula? Tonton, papa iko na koti yake? Maneno yote yalikuwa ya Rosalie, vidole tu ndivyo vya Maisara. Alama zikageuka buluu kila mara, na hakuna kilichorudi. Noëlla alizunguka kwenye milango yote inayojulikana kwa mambo kama hayo, akaambiwa jina hilo halipo kwenye orodha. Maisara alianza kuota alama zile mbili. Alijua anafanya jambo la hatari, na alilifanya, kwa sababu huwezi kumwambia mwanamke anyamaze mbele ya mlango ambao nyuma yake yupo mume wake.

Siku ya kumi na moja simu ililia mikononi mwake kabla hajaandika.

"Amejibu?" Rosalie alisimama. "Anasema nini? Madame, soma."

Maisara alikuwa ameahidi kutoruka kitu. "Jambo Joviale. Papa yako iko muzima. Anaomba maman akuye kumuona. Maman iko wapi saa hii?"

Rosalie aliketi tena, uso wake ukafunguka. Tangu aanze kuja pale Maisara hakuwa ameuona uso ule namna hiyo, na aliogopa kuliko siku zote.

"Muambie niko hapa," alisema Rosalie. "Muambie ku masomo. Bakuye na gari yabo, nitapanda."

"Hapana, maman Joviale."

"Na kama ni kweli iko muzima?"

"Pengine ni kweli. Sijuwi. Lakini ukipanda ile gari, Joviale atabakia na nani?"

Nje ufagio ulikuwa unakwenda polepole kwenye changarawe. Rosalie aliusikiliza. Halafu akasema kwamba leo hiihii watahama yeye na mtoto, waende kwa watu wa mama yake. Pahali hakupataja, na Maisara hakuuliza.

"Na telefone?"

"Kadi itoke," alisema Maisara. "Banaweza kukufuata na ile numéro."

Alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akafungua kijidroo cha pembeni mwa simu, akaiweka ile kadi ndogo kwenye kiganja cha Rosalie. Ilikuwa nyepesi kama gamba la samaki.

"Philémon hana numéro ingine mu kichwa," alisema Rosalie. "Ni hii tu. Siku bakimuachilia, ataita wapi?"

Maisara angeweza kumdanganya. Maneno yalikuwepo, mazuri na ya huruma.

"Ataita," alisema, "na haitapita."

Rosalie aliishika kadi ile kwa vidole viwili. Halafu akaivunja.